Msitu Uliofagiwa

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu kule Bungoma husema nilizaliwa nimeshakunja uso, na mume wangu amejifunza kujitetea kwa kunyamaza. Basi kaunti ikakaa, ikafikiri, ikaona mtu wa kufundisha watoto wa shule kupenda miti ni mimi, Edah Nasike. Leo nacheka nikikumbuka. Asubuhi ile ya wageni sikucheka.

Msitu ninaousema uko nje kidogo ya Kitale, upande wa kwenda Mlima Elgon, na unaitwa Kapchesir. Usidhani ni msitu wa kupotelea. Ukisimama katikati yake unasikia majogoo ya pande zote. Ni ardhi ya umma iliyobaki tangu zamani katikati ya mashamba ya mahindi, na kazi yangu katika ofisi ya mazingira ilikuwa kuutunza na kuufanya darasa. Wanafunzi walikuja kutoka mjini, wakaja kutoka Kimilili, wengine wakatoka hadi Naitiri. Walikaa chini ya miti mikubwa ya podo wakala mikate yao, nami nikawaeleza mvua inapitia wapi kabla ya kufika kisimani, na kwa nini kisima cha nyanya yao kimekauka.

Lakini ulikuwa msitu wa wazee watupu. Miti mikubwa ilikuwepo, na chini yake hapakuwa na kitu, kwa sababu kila kilichochomoza mbuzi na ng'ombe wa majirani walikitafuna. Akaja mtaalamu, akazunguka, akasema msitu huu hauzai tena na wazee wakianguka habari yake imekwisha. Hapo ndipo watu wa soko walipopata mdomo. Wafanyabiashara wa mjini walikuwa wanataka mahali pa vibanda, na ardhi ya umma isiyozaa iko palepale inaonekana. Siwezi kuwalaumu. Mama anayeuza nyanya juani mchana kutwa anahitaji paa, na mimi nyanya zake nazila.

Bunge la kaunti likanipa muda nijaribu. Nikazungushia ua, mbuzi wakabaki nje, nikaanza kungoja. Kungoja kwa mtu kama mimi ni adhabu. Misimu ya kwanza ya mvua ikapita na kuniacha na nyasi tu. Halafu siku moja nikainama kufunga kamba ya kiatu, nikaona jani la mti wa mringaringa limechomoza kwenye majani makavu, dogo hata kucha ya kidole gumba ni kubwa kuliko lile. Hakuna mtu aliyelipanda. Karibu yake kulikuwa na jingine. Kufikia masika ya mwaka huu msitu ulikuwa umejaa watoto: mringaringa, podo, lusiola, elgon tiki, wengine wamefika magotini, wote wameota wenyewe. Nilikuwa napita pale jioni kabla ya kwenda nyumbani, niwaangalie tu, kisha roho yangu itulie.

Kamati ya ardhi ilipanga kuja Jumatano, saa nne asubuhi. Mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Bethwel Kipketer, mtu mrefu asiyepoteza maneno. Alikuwa ameniambia mbele ya kamati yake, "Madam, nionyeshe watoto wa huu msitu. Ukinionyesha, msitu unabaki. Ukikosa, tunajenga soko." Nikamwambia aje tu. Nilikuwa na uhakika kama mtu mwenye ugali sahanini.

Jumatatu nikaitwa Bungoma kwa mkutano wa walimu waliotaka kuleta madarasa yao Kapchesir. Mkutano ukavuka hadi Jumanne, nikalala kwa mama. Kabla ya kuondoka nilimwachia funguo mlinzi wetu, Wakhungu. Huyu ni mtu wa Malakisi, mtoto wa mkulima wa tumbaku, na tangu afike Kitale hajaacha kulalamika kwamba ugoro wa huku ni majivu matupu. Nilipotoka getini nikakutana na Mama Kimeli, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokaa kuuzunguka msitu. Nikamwambia, "Mama Kimeli, Jumatano tuna wageni." Nilisema hivyo tu, nikaenda zangu.

Kama wewe ni mtu wa huku kwetu, umeshajua kilichofuata.

Jumatano nilifika mapema. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ilinukia vizuri. Kitu cha kwanza kilichonigutusha kilikuwa weupe. Kutoka getini, kila upande wa njia, palikuwa na mawe yamepangwa mstari na kupakwa chokaa. Mashina ya podo nayo yalikuwa yamepakwa chokaa hadi kiunoni, utadhani watoto wa bweni waliovalishwa soksi. Nikainua macho, nikayashusha, na moyo wangu ukashuka pamoja nayo.

Chini hapakuwa na kitu. Majani makavu yalikuwa yamefagiwa, hata alama za fagio zilionekana zimepinda vizuri kama uwanja wa harusi. Hakukuwa na mringaringa, wala lusiola, wala podo ndogo hata moja. Watoto wote wa msitu walikuwa wameondoka, na udongo ulikuwa mwekundu, laini, safi kabisa.

"Wakhungu!" Nadhani mlimani walinisikia.

Akaja mbio, kofia mkononi. "Madam, kalibu."

"Nani amefanya hivi?"

"Akina mama. Jana kutoka asubuhi mpaka jua kuzama. Wamefanya kazi, bana! Mimi nilifikili ni wewe umewatuma. Si wewe ulisema kuna wageni?"

 Akina mama wenyewe walikuwa wamesimama chini ya elgon tiki mkubwa, wamevaa vitambaa vyao vya kanisani, birika za chai ya maziwa zimefunikwa na mahindi ya kuchemsha yako ndani ya beseni. Walikuwa wanatabasamu. Mama Kimeli, ambaye jina lake ni Linah Chepkorir lakini hakuna anayelitumia, alinyoosha mikono yote miwili kunisalimia.

"Madam! Si umeona vile tumepapendezesha?"

"Mama Kimeli, miti iko wapi?"

Akaangalia juu, akaangalia mashina yenye soksi, akanirudia. "Si hiyo?"

"Ile midogo! Ile iliyokuwa hapa chini!"

"Aaa, ile ya kujiotea?" Akapunga mkono. "Ile si miti, madam. Ile ni kichaka. Tumetoa yote."

Hapo nikafungua mdomo, na yaliyotoka sitayaandika. Mama yangu hupenda kuniambia hasira hasara, na siku hiyo hasara niliiona kwa macho. Tabasamu zilianguka moja moja. Everlyne, msichana aliyeolewa juzi tu na ambaye mikono yake ilikuwa bado na chokaa, alianza kulia. Lakini Mama Kimeli hakulia. Alikunja mikono kifuani akaningoja nimalize, kama anavyongoja mvua ya mawe ipite.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Sasa mimi nikuulize. Mgeni mkubwa akija kwako, na nyasi iko hapa kwa magoti, majani imejaa kwa mlango, hiyo aibu utaiweka wapi? Si atasema hapa hakuna wanawake?"

 Alikuwa ameeleza desturi ambayo mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Kwa mama yangu, wageni wakitarajiwa tulipalilia hata njia ambayo hawataipita. Na kuna jambo jingine ambalo nilipaswa kulijua. Hawa ni wakulima wa mahindi, na huku kwetu mkulima hupimwa kwa usafi wa shamba. Wanaijua pia miti ya serikali, ile ya sipresi inayopandwa kwa mistari, kila mmoja na shimo lake. Kwao mti ni kitu kilichopandwa na mtu. Kinachojiotea bila ruhusa, kwenye mahindi au penginepo, ni gugu. Nilikuwa nimefundisha watoto wao msimu baada ya msimu, na hata siku moja sikuwa nimewaita mama zao waje kukaa chini ya podo.

Nilitaka kumwomba radhi, lakini magari ya kamati yalikuwa yameshaingia getini.

Mheshimiwa Kipketer aliteremka, akanyoosha koti, akatazama mawe meupe, akatazama mashina, akatazama ardhi iliyofagiwa. Wenzake walimfuata wakikanyaga kwa uangalifu kana kwamba wameingia sebuleni kwa mtu.

"Haya, madam," alisema. "Watoto wako wapi?"

Ningeweza kubuni. Ningeweza kumwonyesha mche mmoja uliojificha nyuma ya jiwe, kama upo. Lakini mimi uongo hunitoka vibaya, unanifanya nipige chafya. Nikamwambia ukweli wote: kwamba walikuwepo hadi Jumatatu, wengi, wamefika magotini, na kwamba akina mama wamewang'oa ili wampokee yeye kwa heshima.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo juzi walikuwepo," akasema taratibu, "na leo hawapo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Madam, mimi siwezi kurudi kwa bunge niwaambie kuna kitu nimeambiwa kilikuwepo." Hakuwa na ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akageuka akatazama tena ile ardhi laini, akasema kama anayezungumza peke yake, "Na kweli pamekaa vizuri. Soko litaenea hapa bila shida."

Nilihisi machozi yananipanda, mimi ambaye hulia mara chache sana. Nilifikiria podo wale wazee wakiangushwa, na darasa la Naitiri lililokuwa lije wiki iliyofuata.

"Soko gani?"

Alikuwa Mama Kimeli. Alikuwa amesogea na birika mkononi, akiwa na nia ya kumimina chai.

"Soko la vibanda, mama," mheshimiwa akamjibu. "Kama huu msitu hauzai, tunajenga hapa soko. Nyinyi hamkuambiwa?"

Mama Kimeli aliweka birika chini. Akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa na huruma hata kidogo. "Madam. Sisi tunachota maji hapa chini kwa hiyo kijito kila siku. Hii kitu ungetuambia."

"Ningewaambia," nikasema. 

"Basi ngoja kwanza." Alimgeukia mwenyekiti, akajifunga leso upya kiunoni. "Mheshimiwa, wewe unataka kuona hizo kitu zilikuwa zinaota hapa? Hatukuchoma. Nani anachoma chakula ya ng'ombe, na huu msimu nyasi ya napier bado ni fupi? Kila mama alifunga mzigo wake akabeba nyumbani. Wangu uko kwa boma. Kama Zawadi hajamaliza."

Zawadi ni ng'ombe wake wa maziwa, wa gredi. Nilimjua, na nilijua anavyokula.

Sijui nani alianza kukimbia. Nakumbuka Mama Kimeli akiwa mbele na viatu vyake vya gambuti, sisi nyuma, na nyuma yetu kamati nzima ya ardhi ikishika suruali zisiguse tope. Wakhungu alikuwa anapiga kelele, "Ala! Mshikeni huyo ng'ombe!" na huyo ng'ombe alikuwa amefungwa, hana pa kwenda. Nyumba haiko mbali. Tulipofika kwenye boma, Zawadi alituangalia kwa utulivu, shina la mringaringa linaning'inia pembeni ya mdomo, anatafuna.

Mama Kimeli alilinyakua mdomoni mwake. "Toa! Toa, mlafi wewe, unakula msitu wa watu!"

Kisha akainua turubai kuukuu kwenye kona ya boma.

Lilikuwa lundo la kunifika mabegani. Mche juu ya mche, mizizi bado na udongo, majani bado mabichi kwa sababu ya unyevu wa usiku. Mringaringa zilizobaki zilikuwa chache, hizo Zawadi alizipenda. Lakini lusiola zilikuwa tele, na elgon tiki, na podo alikuwa hajaigusa hata kidogo, Mungu ambariki kwa kuchagua chakula.

Mheshimiwa Kipketer alichuchumaa kwenye samadi na suruali yake ya kazini. Akavuta mche mmoja, akautazama, akavuta mwingine. Alianza kuwatenganisha: huyu huku, huyu kule. Mikono yake ilikuwa inaijua kazi hiyo. Nikakumbuka kuwa naye ni mtu wa kutoka mlimani.

"Hii ni podo," akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hakuna mtu alipanda?"

"Hakuna. Tulifunga ua tu."

Akamtazama Mama Kimeli. "Na hizi zote zimetoka mle ndani? Hukuongeza za kutoka mahali pengine?"

"Niongeze nikitoa wapi?" Mama Kimeli alikasirika kabisa. "Na huu ni mzigo wangu peke yangu. Nenda kwa Everlyne, kuna mwingine. Nenda kwa mama wa pale kwa mlango ya bluu, yeye ana nguvu, wake ni mkubwa kushinda wangu. Pita boma zote ukipenda. Kila ng'ombe hapa leo amekula msitu."

Mmoja wa wanakamati akaangua kicheko, na mwingine akafuata. Mwenyekiti hakucheka mara moja. Alisimama, mche wa podo mkononi, akauweka wima kwenye kiganja kama anaupima uzito.

"Niliambiwa huu msitu umekufa," alisema. "Mfu gani huyu anazaa mpaka ng'ombe wanashindwa?" Halafu akanigeukia. "Madam, watoto nimewaona. Soko tutalitafutia mahali pengine."

 Nilikaa juu ya debe lililogeuzwa, nikajifunika uso kwa mikono, nikalia na kucheka kwa pamoja bila kujua kipi ni kipi. Ilikuwa raha ya mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya kupanda nao mlima mzima. Everlyne akaja akanishika bega kwa mkono wake wa chokaa, mimi niliyemliza muda mfupi uliopita. Nikamwambia anisamehe. Akasema si neno, hata mumewe hupiga kelele timu yake ikifungwa.

Nilidhani mambo yameishia hapo, tukanywe chai. Lakini Mama Kimeli alikuwa ameingia nyumbani kwake na kutoka na majembe.

"Mheshimiwa," akasema, "watu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe tunakupa leo. Hizi kitu zina mizizi, mvua iko, na jua likiwaka zitakufa. Shika."

Akashika. Angefanya nini? Tuliirudisha miche kwa mikokoteni na mabeseni, kutoka boma zote, na kamati nzima ya ardhi ikavua makoti. Mimi niliwaonyesha mahali, na kwa mara ya kwanza nikawafundisha akina mama yale niliyowafundisha watoto wao: hii inataka kivuli, hii inataka jua, na haya majani makavu ni blanketi yao, tuyarudishe yote. Mama Kimeli alinung'unika kidogo kuhusu majani, maana alikuwa ameyafagia kwa mikono yake. Kisha akayarudisha. Wakhungu aliimba wimbo wa kwao wa kupalilia, na mvua ya rasharasha ikaanza kabla ya chai kupoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wazee, na siku ile nilipona kweli.

Sitakudanganya kwamba yote ilishika. Mingi ilinyauka. Lakini ile ambayo akina mama walikuwa wameifyeka kwa panga usawa wa udongo badala ya kuing'oa ilichipua kutoka kwenye visiki, kisiki kimoja vichipukizi vitatu vinne, kwa ubishi kabisa. Bunge lilipitisha kwamba Kapchesir ibaki msitu wa umma. Soko lilipata kiwanja kando ya barabara kuu, na mama wa nyanya ana paa lake sasa, nikinunua huniongezea nyanya moja ya bure. Chokaa kwenye mashina ilioshwa na mvua pole pole. Mawe niliyaacha, kwa sababu yanapendeza, na kwa sababu sitaki kuanza vita na Mama Kimeli.

Tangu hapo, siku za darasa akina mama nao huja. Hukaa nyuma ya watoto na kusokota nyuzi, na huuliza maswali magumu kuliko walimu. Mwezi wa nane tulikuwa tunangoja shule tatu kutoka Bungoma, na safari hii nilikuwa ofisini Kitale simu ilipolia.

"Madam," alisema Mama Kimeli, "tunasafisha njia ya wageni. Njia tu, usiogope. Lakini kuna kitu kimejiotea kando ya kibanda cha Wakhungu, majani makubwa, laini, hakuna mtu hapa anakijua. Tumekizungushia vijiti. Everlyne anasema tukifunike na gunia usiku kwa sababu ya baridi. Tusubiri uje?"

Nilienda jioni. Kilikuwa kimezungushiwa ua wa vijiti uliosukwa vizuri kuliko ua wa kaunti, ardhi yake imemwagiwa maji, na akina mama walikuwa wamekizunguka kwa heshima. Nilikitambua mara moja, kwa sababu mtu yeyote aliyekulia Bungoma na kupita Malakisi angekitambua. Ilikuwa tumbaku. Wakhungu alikuwa amesimama mlangoni pake, anatazama mawingu kwa makini sana.

"Ni mti gani, madam?" akauliza Mama Kimeli. "Tuuache?"

Nilimtazama Wakhungu, nikawatazama akina mama, nikaitazama ile mikono iliyokuwa imeng'oa msitu mzima kwa siku moja, sasa inashikilia gunia juu ya jani moja ili lisipigwe na baridi.

"Uacheni," nikasema. "Mmefanya vizuri."